Mwenye nyumba kauza na wewe umeshalipa kodi: fanya hivi kabla hujafungasha vyombo

Jumamosi asubuhi nipo uani nafua, wakaingia wanaume watatu na futi kamba wakaanza kupima kuanzia getini mpaka ukuta wa nyuma, nikawasalimia nikawauliza kaka zangu mnapima nini, mmoja akanijibu "kwani dada hamjaambiwa, nyumba imeshauzwa hii". Hivo ndo nilivojua. Chumba na sebule, Tabata, nalipa laki mbili na nusu kwa mwezi, nilikuwa nimelipa miezi 6 kwa mpigo yani milioni moja na nusu, na imebaki miezi minne mbele. Jioni yake dalali akanipigia akasema wiki mbili zinanitosha kutafuta sehemu nyingine. Siku tatu nzima sikulala mana mimi nilikuwa najua mwenye mali akishauza basi mpangaji huna lako, unabeba godoro unaondoka.

Sio kweli jamani. Kodi uliyolipa umenunua muda, na huo muda ni wako, mwenye nyumba hawezi kumuuzia mtu mwingine kitu alichokwisha kukuuzia wewe. Anayenunua nyumba yenye wapangaji anainunua pamoja na mikataba yao, anakaa kwenye kiti cha mwenye nyumba wa zamani na anabeba aliyoyaahidi yule mpaka muda wenu uishe. Ukilishika hili moja utaacha kutetemeka simu ikiita, na haya mengine yote nayoandika hapa chini ni namna ya kulisimamia.

Naongelea Tanzania bara, Zanzibar wana sheria zao za ardhi. Na naongelea nyumba ya kuishi zaidi, ingawa wenye fremu za biashara mengi yanawahusu.

Kwanza, usihame na usisaini kitu

Siku ile ya kwanza usifanye lolote la haraka. Usimwambie mtu "sawa nitatoka", hata kwa meseji, hata kwa heshima tu ya kumaliza maongezi, mana hiyo sawa yako kesho inageuka kuwa makubaliano. Ukipigiwa jibu moja tu linatosha: "nimekusikia mzee, naomba uniandikie barua". Basi. Hakuna ugomvi hapo, hujamkatalia na hujamkubalia.

Nakazia hili kwa sababu ya jirani yangu wa chumba cha mbele, kijana mpole tu, yeye aliahidiwa kwenye simu kwamba atoke wikiendi ile ile na hela yake ya miezi iliyobaki atatumiwa Jumatatu. Akatoka. Akakabidhi funguo kwa dalali. Jumatatu ikapita, simu ikawa inaita haipokelewi, baadae haipatikani kabisa, na alipoenda kwa mnunuzi akaambiwa mimi sikujui, nilikuta chumba kiko wazi. Kilichomuumiza ni kwamba alikuwa na haki yote, ila alikuwa ameshaachia kitu pekee kilichowafanya wamsikilize, yani kukaa kwake mle ndani.

Kusanya karatasi zako usiku huo huo

Toa mkataba, risiti, meseji za M-Pesa au Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) au za benki, chochote kinachoonyesha ulilipa kiasi gani, tarehe gani, cha kuanzia lini mpaka lini. Piga picha kila karatasi kisha jitumie kwenye barua pepe au mtumie ndugu unayemwamini, simu inaibiwa. Meseji na WhatsApp usifute hata moja, tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi, kwa hiyo ile meseji ya "nimepata laki tano mpangaji wangu asante" ina thamani kuliko unavodhani.

Huna mkataba wa maandishi? Watu wengi sana hawana, wamelipa mkononi wakapewa funguo. Usikate tamaa, Sheria ya Ardhi ya 1999 inautambua upangaji wa mwaka mmoja au chini ya hapo hata kama mlikubaliana kwa mdomo. Tatizo lako litakuwa kuthibitisha tu, basi tafuta mashahidi: mpangaji mwenzako aliyekuwepo siku unalipa, mjumbe wa shina aliyekuandikisha ulipohamia, dalali aliyekupeleka. Ambacho kinakuwa kigumu kwa mdomo ni mkataba wa zaidi ya mwaka, huo unatakiwa uwe kwenye maandishi, na kama ni wa miaka mingi basi hata kuusajili kwa Msajili wa Hati ni muhimu ili kila anayefanya upekuzi wa kiwanja auone.

Kitu kingine ambacho hatukifanyi ni stempu. Mkataba wa pango unalipiwa ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, na usipolipiwa upande wa pili unaweza kuupinga usipokelewe kama kielelezo mpaka ulipiwe. Kwa kodi ya laki mbili na nusu kwa mwezi ni elfu thelathini kwa mwaka mzima. Sio hela ya kufanya ushindwe kesi, kailipie.

Soma mkataba kwa ajili ya mambo mawili tu

La kwanza ni kipengele cha kuvunja mkataba. Mikataba mingi ya kununua stesheneri ina mstari unaosema upande wowote unaweza kusitisha kwa notisi ya mwezi mmoja au mitatu. Kama upo na umesaini, mwenye nyumba anaweza kuutumia na huyo mnunuzi pia, lakini lazima aufuate kama ulivoandikwa, notisi ya maandishi na muda kamili, na hela ya miezi ambayo hutakaa inarudi kwako. Kama hakuna huo mstari na mkataba wako ni wa muda maalum, tuseme Machi mpaka Agosti, basi kuuza nyumba peke yake sio sababu ya kukutoa kabla ya Agosti.

La pili ni kama mliandika kwamba akitaka kuuza akuulize wewe kwanza. Wapangaji wengi wanaamini hiyo ni haki yao automatiki kwa sababu wamekaa miaka 10 au wamepaka rangi na kuweka gril, hapana, usijidanganye, hiyo unaipata kama mmeiandika. Ila hakuna anayekukataza kupeleka ofa yako, na kama una uwezo au mko wapangaji wanne mnaweza kuungana, pelekeni mapema kabla mwenzenu hajapokea advansi ya mtu.

Sasa wale wanaolipa mwezi kwa mwezi bila muda maalum, nyie ulinzi wenu ni notisi. Sheria ya Ardhi inasema notisi isipungue kile kipindi unacholipia kodi, na iishe kwenye siku ya kulipa kodi. Kwa hiyo unalipa kila tarehe 1, akakuandikia tarehe 12 Mei, hawezi kukuambia utoke tarehe 12 Juni, hesabu inaenda mpaka 1 Julai. Ukiwa unalipa miezi mitatu mitatu unayo hoja ya kudai notisi ya mitatu. Na hizo "wiki mbili" za madalali zinatoka vichwani mwao tu.

Nitaje hapa kitu kimoja mana wazee wanachanganya sana: zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya 1984, ilikuwa inambana mwenye nyumba kwenye kupandisha kodi na kumtoa mpangaji. Ilifutwa 2005. Ukienda kuongea na mwenye nyumba ukianza kumtajia ile atakucheka na utapoteza heshima ya hoja zako nzuri, simama kwenye mkataba wako na Sheria ya Ardhi.

Jua nani hasa ni mwenye nyumba saivi

Hapa ndo watu wanalizwa hela. Mtu anakuja na gari anasema mimi ndo nimenunua, kodi lete kwangu. Usimpe hata mia. Omba mwenye nyumba wako wa zamani akuandikie barua, au wakutane wote wawili mbele yako na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwamba kuanzia tarehe fulani kodi inaenda kwa fulani. Muulize kistaarabu akuonyeshe mkataba wa mauziano au hati. Kama kiwanja kimepimwa kina hati, unaweza kufanya upekuzi ofisi ya ardhi ukajua jina gani lipo kwenye daftari.

Uwe makini zaidi kama nyumba ni ya urithi. Dar nyumba nyingi zinazouzwa ni za marehemu mzee, na kaka mkubwa anauza huku dada zake hawajui, na hapo anayeweza kusaini kwa niaba ya mirathi ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, sio kila mtoto. Kama ni nyumba ya mume na mke, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mwenzi aridhie nyumba ya familia kuuzwa. Wewe mpangaji sio kazi yako kuwaamulia, ila ni kazi yako kutomlipa mtu ambaye kesho mauziano yake yanavunjwa na unadaiwa kodi mara ya pili.

Na kama nyumba haikuuzwa kwa hiari bali imepigwa mnada na benki kwa mkopo, mambo ni magumu zaidi hasa kama wewe uliingia baada ya mkopo na benki haikujua, hapo usisubiri hatua nyingine, nenda kwa mwanasheria wiki hiyo hiyo na karatasi zako.

Andika barua yako

Hata kama mwenye nyumba ni mtu wa kusalimiana kila siku. Barua sio matusi. Mimi niliandika kwenye karatasi ya daftari, nakala mbili, moja nikamsainisha kwamba amepokea, na picha nikamtumia WhatsApp. Ilikuwa hivi, badilisha yako:

"Shikamoo mzee. Mimi ni mpangaji wako wa chumba na sebule. Nimepata taarifa kwamba nyumba imeuzwa. Nakukumbusha kwamba nimelipa kodi ya miezi sita, shilingi 1,500,000, kuanzia tarehe 1 Machi mpaka 31 Agosti, na risiti ninayo. Nitaendelea kukaa mpaka muda wangu uishe. Kama kuna haja ya mimi kutoka mapema niko tayari tukae tuongee, kwa maandishi, ikiwemo kurudishiwa kodi ya miezi ambayo sitakaa na gharama za kuhama. Naomba pia kujulishwa kwa barua jina na namba ya mmiliki mpya. Asante."

Umeona haina ukali wowote, lakini kila kitu kimo, tarehe, hela, msimamo, na mlango wa mazungumzo uko wazi. Nakala mpelekee mwenyekiti wa mtaa akupigie muhuri wa kupokea.

Watu wa kuja kuangalia nyumba

Kama bado inauzwa, hawajapata mteja, mtasumbuliwa na watu wa kuja kuangalia. Sheria inakupa haki ya kukaa kwa utulivu kwenye nyumba uliyopanga, maana yake dalali hafungui mlango wako na funguo ya akiba ukiwa kazini. Kubalianeni siku, mimi nilisema Jumamosi saa nne mpaka saa saba na nipigiwe siku moja kabla. Usiwazuie kabisa pia, haisaidii, na mnunuzi akija akaongea na wewe vizuri mwambie ukweli mapema: nina mkataba mpaka mwezi fulani. Mnunuzi mwenye akili hapo hapo atarudi kwa muuzaji kuulizia hela yako inarudi vipi, na hiyo ndo presha nzuri kuliko zote mana muuzaji anataka kumaliza dili lake.

Mazungumzo ya kutoka mapema

Mara nyingi mwisho wake ni huu, mnunuzi anataka kubomoa au kuhamia mwenyewe, na wewe ukijiuliza kama unataka kukaa miezi minne kwenye nyumba ambayo mwenyewe hakutaki jibu unalo. Hakuna ubaya kutoka mapema ukilipwa. Piga hesabu kabla hujakaa mezani, usiende na "mtanifikiria". Andika: kodi ya miezi ambayo hutakaa, hela ya kirikuu au fuso la kubeba vyombo, hela ya dalali wa nyumba mpya ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, na vitu ulivoweka kwa hela yako kama simtanki, sinki au gril, kila kimoja useme unang'oa au unalipwa. Ongeza kodi ya jengo, ile inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021, ni deni la mwenye nyumba na sio la mpangaji, kama umekuwa ukikatwa wewe peke yako miezi yote hiyo mkumbushe.

Kodi ya miezi iliyobaki hiyo ni yako kwa haki, usikubali ipunguzwe. Gharama za kuhama ndo sehemu ya kubishana na hapo unaweza kulegeza. Mimi nilikubali kutoka baada ya miezi miwili, nikarudishiwa laki tano za miezi miwili ambayo sikukaa na laki moja ya usafiri. Hela ya dalali sikuipata, nilibishana mpaka nikachoka nikaiacha.

Makubaliano yaandikwe ukurasa mmoja, nani analipa, muuzaji au mnunuzi, kiasi gani, lini, na wewe unatoka lini, kisha wasaini wote watatu na shahidi. Ukiacha bila kutaja anayelipa kila mmoja atakuelekeza kwa mwenzie.

Wakianza ubabe

Kuna wanaokata maji, wanaotoa mlango wa choo, wanaong'oa bati, wanaofunga kufuli lao juu ya lako ukiwa umeenda kazini. Kukutoa kwa nguvu wakati mkataba wako bado upo hai hawana ruhusa, anayetekeleza amri ya kumtoa mtu ni dalali wa mahakama mwenye karatasi ya baraza au mahakama, sio vijana wa kijiweni. Mwenyekiti wa mtaa naye sio hakimu, anasuluhisha lakini hawezi kukupa amri ya kuhama.

Wakikufungia au kutupa vyombo nje, piga picha na video hapo hapo, ita majirani waone, nenda polisi uchukue RB, yani namba ya taarifa yako, hasa kama kuna kitu kimeharibika au kupotea. Polisi watakuambia habari ya pango ni madai na ni kweli, ila kuharibu mali na kuiba sio madai, elezea hayo.

Kwenye upande wa madai njia inaanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi. Tangu mabadiliko ya 2021 Baraza la Kata haliamui tena mgogoro wa ardhi, linapatanisha tu, na likishindwa linakupa hati kwamba imeshindikana, au zikipita siku 30 bila suluhu unaweza kuendelea mbele. Mbele ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapo ndo unaomba zuio usitolewe na unadai hela yako. Ukienda, beba lile bunda lako la karatasi ulilokusanya usiku wa kwanza.

Wakili ni gharama, najua, na kodi yenyewe ya laki mbili huwezi kumlipa wakili milioni. Lakini kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na kuna wasaidizi wa kisheria mpaka ngazi ya kata ambao hawatozi mtu asiye na uwezo. Dar kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, na kwa wanawake kuna TAWLA, chama cha wanasheria wanawake. Ulizia ofisi ya kata au ustawi wa jamii, watakuelekeza aliye karibu. Mara nyingi barua moja tu yenye kichwa cha ofisi ya msaada wa kisheria inamfanya mtu aliyekuwa anazima simu apige mwenyewe.

Siku ya kutoka

Fagia, piga picha kila chumba kikiwa tupu, kuta, madirisha, bomba, mita ya LUKU na ya maji zikionyesha namba. Kama mna deni la maji la kugawana mlimalize siku hiyo kwa risiti. Mkabidhiane kwa karatasi yenye tarehe na saa. Na funguo zishike mkononi mpaka meseji ya hela iingie kwenye simu yako na uangalie salio kwa kupiga menyu mwenyewe, usisome tu meseji mana za kutengeneza zipo. Mimi nilikaa juu ya ndoo nje ya mlango dakika arobaini nasubiri, kirikuu limeshapakiwa, dereva ananung'unika, mzee mwenyewe ananiambia "mwanangu nenda tu hela inakuja". Nikamwambia shikamoo mzee wangu, nakuheshimu sana, nasubiri hapa hapa. Ikaingia, nikaangalia salio, nikampa funguo.